Soketi Iliyonuka Usipa

Ukitaka kununua nyumba iliyokwisha kujengwa, watu wa Mbeya watakushauri mengi: uulize kwa mwenyekiti wa mtaa, uone hati, upime mipaka majirani wakiwepo, ukague kama bati zinavuja. Sisi tuliyafanya hayo yote tuliponunua nyumba yetu Uyole. Suala la kupanda darini halikutajwa na mtu yeyote. Tulibonyeza swichi, taa zikawaka. Tulichomeka simu, ikachaji. Muuzaji akatuambia umeme hauna shida, na mpaka leo naamini alisema alichokijua, kwa sababu nyumba yenye wayaringi mbovu inaweza kukaa miaka mingi bila kulalamika mradi mzigo wake ni taa, redio na chaja.

Kilichotufichulia ni baridi. Mwezi Juni mama mkwe alikuja kutoka Rungwe kukaa nasi ili awe karibu na kliniki yake ya presha. Usiku wa Juni na Julai huku kwetu wenyeji wanaujua. Kwake amezoea kulala na jiko la mkaa chumbani, na alitaka tumwekee. Tulimkatalia kwa heshima zote, maana mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Tukamnunulia hita ya umeme ya wati 2000 na kuichomeka kwenye soketi iliyo karibu na kitanda chake.

Siku za kwanza hatukuona kitu, isipokuwa kwamba hita ikiwashwa, taa ya chumba kile ilififia kidogo. Halafu ikaja harufu. Mama mkwe ndiye aliyeisema kwanza: "Mwanangu, kuna usipa unaungua jikoni." Nikaenda jikoni, hapakuwa na usipa wala samaki wa aina yoyote. Nilipouliza watoto kama jirani anakaanga, wakasema harufu inatoka chumbani kwa bibi. Nikanusa ukutani, na kadiri nilivyoisogelea soketi ndivyo harufu ilivyozidi.

Harufu hiyo naomba uikariri. Plastiki ngumu inayotengenezewa soketi, swichi na plagi ikipata joto kali hutoa harufu inayofanana sana na ya samaki anayeoza au anayeungua. Watu wengi hutafuta panya aliyekufa, hufua mazulia, husafisha friji, na wakati wote huo soketi inaendelea kuiva. Kama nyumbani kwako kuna harufu ya samaki na samaki hayupo, pita kwenye kila soketi na kila swichi.

Nilizima meni swichi kwanza, ndipo nikashika plagi. Ilikuwa ya moto kiasi cha kuumiza vidole. Kwenye uso wa soketi kulikuwa na duara la kahawia kuzunguka tundu la kulia. Ukiitazama soketi zetu za matundu matatu, lile la erthi (waya wa kwenda ardhini) likiwa juu, tundu la kulia ndilo la waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme. Kando yake plastiki ilikuwa imeanza kulainika. Kitanda cha mama kilikuwa hatua moja kutoka pale, na blanketi lilikuwa linaning'inia upande huo. Usiku ule alilala chumba cha watoto, na mimi nilikesha.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba breka haikuruka. Nilidhani breka ipo kwa ajili hiyo. Fundi wa pili, nitakayemsimulia hapa chini, ndiye aliyenifafanulia vizuri. Breka huangalia umeme unaopita umekuwa mwingi kiasi gani. Hita ya wati 2000 kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta takriban ampea 8.7, na soketi imetengenezwa kubeba ampea 13, kwa hiyo breka haikuona kosa lolote. Tatizo lilikuwa skrubu iliyolegea. Waya usiposhikwa sawasawa, umeme hupita kwa shida kwenye sehemu ndogo inayogusana, na shida hiyo hugeuka joto. Shida hiyo mafundi huiita ukinzani, na hupimwa kwa omu. Nusu omu tu ya ukinzani pale kwenye skrubu, kwa ampea 8.7, inatoa karibu wati 38 za joto, yaani kama kuacha ncha ya chuma cha kulehemu redio imezikwa ndani ya ukuta. Joto linalegeza skrubu zaidi, kopa inapata kutu nyeusi, ukinzani unaongezeka, na kesho yake joto ni kubwa kuliko jana. Hakuna breka ya kawaida itakayokuambia. Pua na mkono wako ndivyo vitakavyokuambia.

Fundi wa kwanza tuliletewa na jirani, kijana mpole tu. Alifungua soketi, akaona imeungua, akaenda dukani akanunua nyingine, akaifunga, akalipwa, akaondoka. Kazi yote haikuchukua muda wa kuchemsha viazi. Baada ya wiki chache soketi mpya ikaanza kuwa vuguvugu. Sababu ni kwamba waya ulioshikwa na soketi ya zamani ulikuwa umeungua ncha yake: kopa imekuwa nyeusi na ngumu, ganda limekakamaa. Ncha ya namna hiyo inapaswa kukatwa mpaka ifikiwe kopa inayong'aa, na kama waya haubaki na urefu wa kutosha, uvutwe mwingine. Soketi mpya kwenye waya uliokwisha kuungua itaungua vilevile. Basi ukimwita mtu abadilishe soketi, simama umwone: amekata ncha? Skrubu ameikaza, kisha akauvuta waya kidogo kuona kama umeshika?

Katika wiki hizo hizo binti yangu alisema birika la umeme linamtekenya. Alikuwa peku kwenye sakafu ya sementi iliyotoka kupigwa deki. Watu huchukulia kutekenywa kama jambo dogo. Maana yake ni kwamba umeme unavuja hadi kwenye mwili wa chombo, na badala ya kupata njia ya erthi kwenda ardhini, unamsubiri mtu. Nilipousikia mkono wangu wenyewe ukitetema kwenye lile birika, nikasema fundi wa kuokoteza hatumtaki tena.

Kupitia mwalimu mmoja wa ufundi tulimpata fundi mtu mzima, mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na alituonyesha leseni hiyo bila kuombwa. Watu wengi hawajui kwamba mafundi wa wayaringi wanapaswa kuwa na leseni hiyo. Shirika la umeme linahusika na laini mpaka kwenye mita. Kuanzia hapo kuingia ndani ni mali yako na ni jukumu lako, na ukipiga simu kwamba soketi inaungua, ni fundi wako atakayeitengeneza. (Mita yenyewe na lakiri zake usiziguse, wala usimruhusu fundi yeyote azikate.)

Nilimtofautisha na mwenzake tangu mwanzo. Hakugusa soketi. Aliomba ngazi na tochi. Kabla ya kushika waya wowote alipima kipimo chake mahali penye umeme ili ajue kinafanya kazi, akazima meni swichi, akapima tena kuhakikisha pamekufa. Alimwambia mume wangu, "Baba, testa inaweza kufa bila wewe kujua. Ukiiamini bila kuijaribu, siku moja itakuua." Kisha akapanda darini na kukaa huko muda mrefu.

Aliposhuka alitwambia tupande na sisi tukaone. Nililazimika kuvua kitenge nivae suruali ya mume wangu, lakini nilipanda, na nashauri kila mwenye nyumba apande pamoja na fundi wake umeme ukiwa umezimwa. Soketi za vyumba viwili zilikuwa zimevutwa kutoka kwenye waya wa taa, ule mwembamba wa milimita za mraba 1.5. Maungio yalikuwa ya kusokotwa kwa mkono na kufungwa tepu, na tepu ilishakauka ikaachia. Ungio moja lilikuwa limefungwa mfuko wa nailoni. Chini yake kulikuwa na maranda ya mbao yaliyoachwa na maseremala waliopiga dari, makavu kabisa, ya kuwashia moto. Mbali kidogo panya walikuwa wametafuna ganda la waya, na kopa tupu ililala juu ya mbao ya mpaini. Nilitetemeka magoti. Chini ya pale ndipo watoto wanapolala.

Kwenye meni swichi kulikuwa na jambo baya zaidi. Waya ule wa 1.5 ulikuwa umefungwa kwenye breka ya ampea 32. Fundi alisema hadithi yake inajulikana bila kuulizwa: zamani ilikuwepo breka ndogo, mtu akachomeka pasi na jiko la umeme kwa pamoja, breka ikawa inaruka, wakamwita mtu, akaweka kubwa, kelele ikaisha. Laini ya taa ya waya wa 1.5 hupewa breka ya ampea 6 au 10. Laini ya soketi ya waya wa 2.5 kwa kawaida hupewa ya 20. Ukiweka ya 32 kwenye waya mwembamba, waya unaweza kuungua ndani ya ukuta huku breka imetulia. Breka inayoruka inakulinda. Tafuta inachokikataa, usiibadilishe kwa kubwa zaidi.

Na erthi? Kwenye soketi waya wa kijani na njano ulikuwepo, umefungwa vizuri kabisa. Ukiufuatilia mpaka kwenye meni swichi, ulikuwa umekatwa na kukunjwa kando. Rodi yake ilikuwa kipande kifupi cha nondo kilichopigwa chini ya upenu, mahali pasipolowa hata masika, na kimeliwa na kutu. Ardhi kavu hupokea umeme kwa shida, na huku kwetu kuanzia Juni mpaka Oktoba ardhi inakauka sana. Sasa tuna rodi iliyopakwa shaba, ndefu zaidi ya futi nne, imepigwa mahali penye unyevu karibu na karo la maji na kufungwa kwa klampu yake, na fundi aliipima kwa mita kabla ya kuifunika. Kitu cha mwisho alichokikuta ni taa ya stoo: swichi yake ilikata nyutro, waya wa kurudisha umeme, badala ya waya wa moto. Taa inazimika, lakini mtu akibadilisha balbu na kidole kikagusa ndani ya holda, umeme upo. Tangu aliponionyesha hilo, hakuna anayebadilisha balbu nyumbani kwetu bila kuzima breka.

Sasa fedha. Kwa nyumba ya vyumba vitatu, kazi nzima ilipita milioni moja na nusu, na nyaya peke yake zilikula zaidi ya nusu. Iliyotuuma ni ile ambayo haikuwemo kwenye hesabu ya kwanza: kuchimba ukuta kupitisha paipu mpya, kisha plasta, kisha rangi. Ukipewa hesabu na fundi, muulize nani atarudishia ukuta, maana mara nyingi si yeye. Hatukuwa na fedha yote kwa pamoja. Tulikwenda kwa awamu, na mpangilio aliotupa fundi naona ni wa busara kwa mtu yeyote mwenye mfuko kama wetu. Kwanza erthi, breka za saizi sahihi na ile breka ya kuvuja iitwayo RCD, pamoja na kukata maungio mabaya darini na kuyaweka upya kwa konekta ndani ya visanduku vyake. Pili, laini mpya za soketi kwa waya wa 2.5, tukianzia chumba cha mama mkwe na jikoni. Taa zikaja mwisho. Kwa kipindi chote cha katikati, laini mbovu zilizimwa kabisa na tuliishi na soketi chache. Ilikuwa kero, watoto walilalamika, lakini tulilala.

RCD nitaieleza kidogo kwa sababu mafundi wengine husema ni anasa. Inalinganisha umeme unaokwenda kwenye waya wa moto na unaorudi kwenye nyutro. Ukipungua kwa miliampea 30, maana yake kuna mahali unavuja, labda kupitia mwili wa mtu, na inakata papo hapo. Haitakusaidia ukishika waya wa moto na nyutro kwa pamoja, wala haioni skrubu iliyolegea. Kwa hiyo haichukui nafasi ya kazi nzuri. Ina kitufe chenye herufi T. Nakibonyeza mwanzo wa mwezi, na lazima ikate. Isipokata, imekufa.

Mvua za kwanza zilipoanza, RCD ikawa inakata kila jioni. Mtu mmoja wa mtaani alinishauri tuiruke, tuunganishe moja kwa moja. Nilimshukuru na kukataa. Fundi alikuja akazima laini moja baada ya nyingine mpaka akapata: taa ya nje ya geti ilikuwa imejaa maji. Ile taa ilikuwa ikivuja kila masika tangu enzi za mwenye nyumba wa kwanza, na watoto hushika lile geti la chuma wakiwa wamelowa kutoka shule.

Kuhusu kununua nyaya, usimtume mtu. Mimi na fundi tulikwenda sokoni Mwanjelwa pamoja. Kwenye duka moja tulionyeshwa roli mbili zenye maandishi yaleyale ya 2.5, moja nafuu sana. Fundi aliziinua zote mbili, ya nafuu ikawa nyepesi mno. Akaomba ncha, akaikwangua kwa kisu: chini ya wekundu palikuwa peupe. Ni alumini iliyopakwa kopa juu. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya kopa, na kwenye skrubu hulegea upesi. Tulinunua ile nzito, yenye alama ya TBS (shirika la viwango) na saizi iliyochapwa kwenye ganda lenyewe, tukapewa risiti. Soketi vilevile: chukua yenye vyuma vinene vya shaba ndani na skrubu zinazoshika. Plagi ya hita tuliiangalia fyuzi yake, lazima iwe ya 13, na kamwe isiwe kipande cha waya au karatasi ya sigara.

Rangi za nyaya zinachanganya. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Nyaya mpya ni kahawia kwa moto na buluu kwa nyutro. Nyumba yetu ilikuwa na zote mbili, na mahali pengine zimegeuzwa. Usiamini rangi, pima.

Watu huniuliza kuhusu hita ya kuogea, ile ya kichwa cha bomba. Nyingi zinavuta wati 5500, yaani ampea 24 hivi. Hiyo inahitaji waya wake peke yake wa milimita za mraba 6 kutoka meni swichi, breka yake, erthi ya uhakika na RCD. Mtu akikuambia ataivuta kutoka kwenye soketi ya korido, mfungulie geti aende. Sisi tunachemsha maji ya kuoga kwa gesi.

Ekstensheni ni kwa simu, redio na televisheni. Hita, pasi, birika na jiko vichomekwe ukutani moja kwa moja, kimoja kwa soketi moja. Hita na birika pamoja kwenye ekstensheni moja vinaweza kupita ampea 18, na plagi yake ni ya 13. Waya wa ekstensheni usiviringishwe wala kulaliwa na zulia. Wakati wa radi, na Mbeya radi zetu si za mchezo, chomoa televisheni na friji kabla mvua haijafika, usisubiri iwe juu yako, kwa sababu hakuna breka ya kuizuia radi. Umeme ukikatika chomoa pia, na ukirudi subiri utulie.

Kwa mpangaji najua ni vigumu, huwezi kufumua nyumba ya mtu. Lakini unaweza kuishika plagi baada ya nusu saa ya kutumia pasi. Ikiwa ya moto, acha soketi hiyo na umwambie mwenye nyumba kwa maandishi, hata kwa meseji, ukiweka picha ya alama ya kahawia. Ukiona anapuuza kutekenywa kwa umeme, mimi ningehama, hata kama kodi ni nafuu.

Moto ukitokea kwenye soketi, usimwage maji. Zima meni swichi kama unaifikia, toa watu nje, piga 114 ya Zimamoto. Mtu akinaswa na umeme usimshike, zima kwanza. Mama mkwe, ambaye hasomi, tulimfundisha kushusha swichi kubwa na akaifanya mwenyewe mara kadhaa mpaka akazoea. Kila mtu nyumbani anajua ilipo, na hakuna kabati wala gunia la mahindi mbele yake.

Ndani ya mlango wa meni swichi fundi alibandika karatasi yenye majina: breka hii ni chumba cha bibi, hii jikoni, hii taa za nje. Laini ya banda la kuku bado haijafanywa upya. Breka yake imezimwa na imefungwa tepu nyekundu, kuku wanatumia taa ya sola, na waya wake tutaununua tukishauza viazi.